Mgeni wa Arobaini na Moja

Ting, ting, ting.

Mara tatu, kisha kimya. Nilikuwa bado nje ya mlango wa stoo ya maabara, ufunguo mkononi, siku yangu ya kwanza kazini, na sauti ile ilitoka ndani ya chumba kilichofungwa. Kioo juu ya kioo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyemaliza kukoroga kitu, akagonga kijiti cha kioo kwenye mdomo wa bika, kile chombo cha kioo cha maabara, ili tone la mwisho lianguke. Nimewaona wengi wakifanya kazi hii. Wengine hugonga mara moja, wengine hupangusa tu. Niliyemjua akigonga mara tatu alikuwa mmoja, na huyo tulimzika miaka sita iliyopita.

Nilifungua. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na rafu za mbao zilizobabuka kwa asidi, meza ndefu, bomba lenye kutu, na dirisha dogo ambalo kioo chake kilikuwa kimelegea kwenye fremu. Nikajiambia ni upepo na kile kioo. Nilijiambia kwa sauti kabisa, jambo ambalo mtu halifanyi kama anaamini anachosema.

Baba yangu aliifanya kazi hiihii, msaidizi wa maabara katika chuo hiki, kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha walimu wote. Chupa iliyopoteza karatasi yake ya jina, kwa unyevu au kwa panya, wenzake waliinusa, wakakisia, wakaandika karatasi mpya, maisha yakaendelea. Yeye alikataa. Alibandika karatasi yenye neno moja, "Mgeni", na namba. Kisha, kwa wakati wake mwenyewe, baada ya kazi za watu, alikaa na mgeni huyo wiki au miezi. Alimpima, akamchoma, akamchanganya na hiki na kile, mpaka ajulikane kaboni zake zimeshikana vipi, moja baada ya nyingine. Ndipo alipoandika jina. Wageni arobaini walipata majina mikononi mwake. Wa arobaini na moja ndiye aliyekuwa mezani siku alipoanguka.

Siku hiyo nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilijiona nimewazidi walimu wangu. Nilikuwa nimepita kumsalimia baba mchana, nikakuta watu wamejaa mlangoni. Alikuwa amelala ubavu kando ya meza, koti jeupe limekunjamana mgongoni. Chumba kizima kilinukia lozi chungu. Juu ya meza kulikuwa na chupa imezibwa, na shingoni mwa chupa, kuzunguka kizibo, kulikuwa na unga mweupe. Mtu mmoja akauliza, hiki ni kitu gani? Kabla mwingine hajafungua mdomo, nikajibu mimi, mtoto wa mwenye maabara, msomaji wa vitabu vyake.

"Ni sianidi. Hiyo ndiyo harufu yake."

Sikuwa nimewahi kunusa sianidi maishani mwangu. Nilikuwa nimeisoma sumu hiyo kwenye mstari mmoja wa kitabu, na mstari huo ulinikaa kichwani kama taji.

Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama. Cheti chake kilikunjwa, kikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikawekwa chini ya sanduku. Neno langu halikukunjwa. Lilitoka na watu wale mlangoni, likafika sokoni kabla sisi hatujafika nyumbani, na huko likawa: amejiua. Baba mdogo hajalitaja jina la kaka yake tangu siku hiyo. Akilazimika husema "yule". Na mama, ambaye alikuwa akicheka hadi majirani wanauliza kuna nini, alifunga chumba cha baba, akauvaa ufunguo shingoni, akanyamaza.

Mtunza stoo wa chuo ni mzee mmoja tunayemwita Mzee Funguo, kwa sababu unamsikia akija kabla hujamwona. Siku ile ya kwanza alinikuta nimesimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichofuata. Akanitazama kutoka viatu mpaka nywele.

"Wewe na marehemu mmetoka kiwanda kimoja," akasema. "Hata kusimama mnasimama upande. Haya, Profesa, usinisumbue kama alivyonisumbua yeye."

Alinieleza kwamba uongozi umeamuru chupa zote zisizo na majina zikusanywe. Ijumaa lingekuja gari kuzichukua zikateketezwe. Ilikuwa Jumanne. Aliposema hivyo aliinama, akaingiza mkono nyuma ya rafu ya chini, akatoa kitu kilichofungwa kwa gunia. Alikuwa amekificha mwenyewe. Alisema hakuthubutu kukitupa wala kukikabidhi, kwa sababu kila alipotaka kukitupa alisikia kama kuna mtu anagonga glasi nyuma yake.

"Na wewe unasikia?" nikamuuliza.

"Mimi ni mtu wa funguo, nina kelele zangu za kunitosha," akajibu, na hakunitazama.

Ilikuwa chupa ya rangi ya kahawia yenye mafuta ndani. Unga mweupe ulikuwa umeganda kuzunguka kizibo kama chumvi. Chini ya vumbi niliuona mwandiko wa baba: Mgeni, 41. Nilipousogeza uso, harufu ya lozi iliyonasa kwenye ule unga ikanifikia, nikarudi kuwa na miaka kumi na saba papo hapo, mdomo wazi, mbele ya watu.

Siku tatu. Baada ya hapo hakuna mtu ambaye angejua tena.

Nilirudi nyumbani alasiri. Mama ni fundi cherehani. Nilimkuta kwenye mashine yake dirishani, anashona kola ya shati la mtu. Nikamwomba ufunguo wa chumba cha baba. Nilisema nataka daftari lake. Hakuacha kushona. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akauliza ninalitakia nini. Nikamweleza habari ya chupa na ya Ijumaa.

Mkono wake ukabaki juu ya gurudumu la mashine.

"Ukijua ni nini, utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Hata kama ni ileile uliyoisema?"

Nikasema ndiyo. Ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kulieleza kwa mtu. Asubuhi ya siku ile waligombana, si kwa jambo kubwa, kwa mambo ya nyumbani na wale wageni wake wa chupani waliokuwa wakila jioni zake zote. Baba alipofika mlangoni, mama alimtupia neno la mwisho.

"Nilimwambia, leo usirudi." Alikuwa akiitazama kola. "Na baba yako hakuwahi kunikatalia jambo."

Ningeweza kumwambia saa ileile. Ningesema: mama, mimi sikujua, nilikisia tu, nilitaka watu wanione. Kwa miaka sita mwanamke huyu alikuwa akibeba mauti ambayo mimi ndiye niliyeyapa jina, na niliogopa kwamba pengine, kwa bahati mbaya iliyo mbaya kuliko zote, nilikisia kweli. Nikapokea ufunguo. Ulikuwa na joto la kifua chake.

Chumba kilikuwa kama alivyokiacha. Koti lake lilikuwa limetundikwa msumarini, lile lile alilofia, limefuliwa na kupigwa pasi, na mikono yake imekunjwa mara mbili kama alivyozoea. Daftari lilikuwa mfukoni. Nilipolichomoa, mkono wa koti ulinigusa shavuni. Ni kitambaa tu, najua. Lakini nilitoka mle chumbani kinyumenyume.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari minne. Alikuwa amechoma kiasi kilichopimwa cha yule mgeni, akanasa maji na hewa ya ukaa iliyotoka, akapima tena. Kaboni, 79.2 katika kila mia. Haidrojeni, 5.7. Zilizobaki, 15.1. Uzito wa molekuli, karibu 106. Basi.

Niliusoma mstari wa tatu mpaka macho yakaniuma. Zilizobaki nini? Kama ni oksijeni, nina mafuta ya kawaida yanayotiwa hata kwenye sabuni na pipi. Kama kuna nitrojeni ndani yake, basi kuna mafuta mengine yenye harufu inayofanana na hii kabisa, nayo yamebeba sianidi ndani ya molekuli yake. Tofauti ya mume aliyekufa na mume aliyejiua ilikuwa imelala katika ile 15.1, na baba hakuiandika jina kwa sababu hakuwa ameithibitisha. Huyo ndiye mtu niliyemsemea mlangoni.

Jumatano nilianza na swali hilo kwanza. Kabla ya kufungua chupa nilikwaruza alama kwenye kioo, usawa wa mafuta yalipoishia, kama baba alivyonifundisha: kabla hujachukua chochote, andika ulichokikuta. Kizibo kilikuwa kimeganda kabisa kwa ule unga. Nilikipasha joto kwa kitambaa cha maji moto mpaka kikakubali.

Dawa ya kutafuta nitrojeni ni sodiamu. Unachukua kipande kama punje ya choroko, unakiyeyusha ndani ya tyubu ndogo, unadondoshea matone ya mgeni wako, unachoma mpaka kioo kiwe chekundu, kisha unakitumbukiza chote ndani ya maji. Tyubu inapasuka kwa kishindo. Unachuja. Unaweka chumvi ya chuma, unachemsha, unatia asidi. Kama kulikuwa na nitrojeni, maji yanageuka buluu, buluu nzito isiyobishaniwa.

Nilifanya kwanza kwa mbolea ya urea, ambayo najua ina nitrojeni, ili nijue mkono wangu haunidanganyi. Buluu ikaja, nzuri kama wino. Kisha nikafanya kwa mgeni. Nilitia asidi tone kwa tone na sikuweza kutazama. Nilitazama ukuta. Mzee Funguo alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango, eti anapumzisha miguu.

"Vipi rangi?" nikamuuliza.

"Rangi ya nini? Ni kama mkojo wa mgonjwa."

Nikageuka. Manjano hafifu. Hakuna buluu. Nikarudia, nikarudia tena. Mara ya tatu Mzee Funguo alisema hata mgonjwa mwenyewe angekuwa amepona sasa. Hakuna buluu. Nilitafuta pia salfa na klorini katika maji yaleyale, hamna. Zilizobaki ni oksijeni.

Kutoka hapo hesabu ilikwenda yenyewe. Gawanya 79.2 kwa 12, gawanya 5.7 kwa 1, gawanya 15.1 kwa 16, kisha linganisha: kaboni saba, haidrojeni sita, oksijeni moja. Uzito wake, 106. Uleule wa daftari. Nilichora mstari chini ya mistari minne ya baba, nikaandika wa tano. Mwandiko wangu ulikaa chini ya wake, na nilishtuka kuona unavyofanana nao.

Lakini kujua una matofali mangapi si kujua nyumba. Kwa matofali yaleyale unaweza kujenga zaidi ya nyumba moja, na mimi nilishawahi kusema jina mapema mara moja katika maisha yangu.

Alhamisi mchana nilirudi kwenye meza. Kaboni saba zilizoshiba hubeba haidrojeni kumi na sita. Huyu ana sita tu, ana njaa kubwa. Nikamtilia bromini, ambayo wenye njaa huimeza rangi ikatoweka. Hakuimeza. Njaa kubwa isiyokula ni alama ya pete, ile pete ya kaboni sita iliyotulia na kushikana mikono. Basi kaboni ya saba iko nje ya pete, na oksijeni lazima iwe karibu nayo. Nikachukua dawa inayotambua oksijeni iliyoshikwa kwa mikono miwili na kaboni. Papo hapo yakashuka mashapo ya rangi ya chungwa. Sawa. Ikabaki kujua kama kaboni ile ya saba ina haidrojeni yake.

Jaribio la hilo ni la kioo cha fedha. Unaandaa myeyusho wa fedha ndani ya tyubu safi kabisa, unatia matone, unaiweka katika bika la maji ya moto, unangoja; haidrojeni ikiwapo, fedha inageuka kioo. Nilikoroga maji ya bika joto lienee, nikaweka kijiti pembeni, nikainua tyubu kwenye mwanga. Fedha ilikuwa inapanda. Ilianza kama moshi mweusi, kisha ikang'aa, ikashika ukuta wa tyubu kutoka chini kwenda juu, mpaka nikashika mkononi kioo chembamba kama kidole.

Na ndani ya kioo hicho, nyuma ya bega langu, mlangoni, lilikuwa limesimama koti jeupe.

Limepinda kwa mviringo wa tyubu, jembamba, halina kichwa. Mikono yake imekunjwa mara mbili. Sikugeuka. Nilifikiri: amekuja kusikia nitasema nini safari hii.

"Umegonga," sauti ikasema.

Ilikuwa ya mama. Nikageuka, nikamwona amesimama kizingitini, amelikumbatia koti la baba mbele ya kifua chake kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Hakuwa amekanyaga chuo hiki kwa miaka sita. Nyuma yake Mzee Funguo alikuwa amezishika funguo zake kwa mikono miwili zisitoe sauti.

"Nilikuwa kwenye korido," mama akasema. "Nimesikia kijiti chake. Mara tatu. Nimeshindwa kuinua mguu."

Nilitazama kijiti kando ya bika. Ni mimi niliyekigonga. Sikukumbuka kukigonga.

Nilimvutia stuli, hakuketi. Nikamwonyesha kioo kwenye tyubu, nikamwambia bado kitu kimoja, anisubiri. Nilichemsha matone machache ya mgeni na pamanganeti, dawa inayoongeza oksijeni, nikachuja, nikatia asidi, nikapoza. Fuwele nyeupe zikaota mbele ya macho yake. Nikazikausha, nikapima joto la kuyeyuka kwake: nyuzi 122. Kisha nikakwangua ule unga wa shingoni mwa chupa, ule unga uliosema uongo, nikausafisha, nikaupima. Nyuzi 122. Nikazichanganya fuwele hizo na zile, nikapima tena. 122.

"Ni kitu kimoja," nikamwambia. "Huu unga mweupe si sumu iliyotoka dukani. Ni mafuta haya yenyewe, yakipigwa na hewa yanageuka asidi, yanaganda kwenye kizibo. Asidi ya benzoiki, watu wanahifadhia vyakula. Na mafuta yenyewe ni pete ya kaboni sita, kaboni moja nje, imeshika oksijeni moja na haidrojeni moja. Yanaitwa benzaldehaidi. Hayana sianidi ndani yake, mama. Hata chembe."

Mama aliinama, akautazama ule unga. Kioo cha dirisha kilitikisika, kikatulia.

"Hata hayo anaweza kuwa ameyanywa," akasema. "Kama alitaka."

Hilo nalo sikuwa nimelijibu. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikapangusa ubavu wa chupa ambao nilikuwa nimeuacha na uchafu wake. Chini ya vumbi kulikuwa na ukanda wa karatasi uliobandikwa kwa wima, na juu yake mistari ya penseli, mmoja chini ya mwingine. Kila alipochukua kiasi, baba aliweka mstari mafuta yalipofikia, na tarehe. Mstari wa mwisho ulikuwa na tarehe ya siku ile. Ulikuwa usawa mmoja na alama niliyoikwaruza mimi kabla sijafungua. Kizibo kilichogandishwa na ule unga hakikuacha hata mvuke utoke kwa miaka sita.

Nilimshika mama mkono, nikaweka kidole chake pale.

"Alichukua cha kazi, akaweka alama, akaziba. Halafu moyo ukasimama. Daktari alisema kweli tangu siku ya kwanza."

Mama aliketi. Alilaza koti mapajani, akawa analikunjua mikono, kunjo la kwanza, kunjo la pili, polepole, kama anayemvua mtu aliyerudi kutoka kazini. Nilijua machozi yangekuja, na nilijua nikingoja yaje sitasema tena.

"Mama. Siku ile sianidi sikuijua. Sikuwahi kuinusa popote. Nilisoma mstari mmoja nikataka watu waone ninajua. Na baadaye nikaona unavyokonda, nikanyamaza."

Hakuinua uso. Mzee Funguo alitoka kwenda koridoni taratibu.

"Miaka sita," mama akasema.

"Ndiyo."

"Nimeshona nguo za watu wote wa mji huu na sijamtazama hata mmoja usoni."

"Ndiyo, mama."

Alinitazama sasa, na sijawahi kutazamwa hivyo. Kisha akanyoosha mkono kwenye kopo la penseli za baba, lililokuwa bado kwenye rafu, akachukua moja, akanipa. Nilibandika karatasi mpya juu ya chupa. Niliandika jina, na chini yake namba ya baba, 41. Mama alisoma herufi kwa herufi, midomo ikicheza.

"Hii atasoma nani?" akauliza. "Wale wa mlangoni hawaji humu."

Nilisimama.

"Kesho asubuhi, kabla gari halijaja, nitakwenda kwa baba mdogo na chupa hii mkononi. Kisha kwa kila aliyekuwa mlangoni siku ile, nyumba kwa nyumba, na sokoni. Nitawaambia lile neno lilikuwa langu na lilikuwa uongo. Sitarudi nyumbani, mama, mpaka wa mwisho wao alitaje jina la baba mbele yangu. Nakuahidi."